Mzee wa Chupa

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, mtoto wa mwenye bucha wa Majengo, mjini Meru, na Hali ya Hatari ilikuwa imeishika nchi yote ya mlimani. Babu yangu aliingia Meru akiwa mpagazi wa msafara, akaoa hapo hapo, akamsilimisha mkewe, asirudi tena kwao. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa bibi tulisema Kimeru, na Kiembu nilikiokota buchani kwa wafanyabiashara wa ng'ombe waliotoka upande ule. Serikali ilipotafuta mtu wa kufuatana na gari la sinema, mtu mwenye sauti na ndimi tatu, baba alinisukuma mbele. Alisema ni heri kijana akae ndani ya gari la serikali kuliko kukutwa njiani na watu wa serikali.

Gari lenyewe lilikuwa lori dogo lenye jenereta nyuma, mashine ya kuonyeshea picha na kitambaa cheupe kilichokunjwa kama mkeka. Tulikuwa watatu: Mzungu tuliyemwita Bwana Habari, dereva Mkamba aliyependa kunyamaza, na mimi. Sinema zilikuwa za Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwaambia watu kinachosemwa pale kitambaani. Tulizunguka kutoka Timau kwenye baridi mpaka Mitunguu kwenye joto, kisha tunashuka Embu. Tulionyesha jinsi ya kukata matuta, jinsi ya kupogoa kahawa, jinsi ya kuchimba choo. Watu walitazama kwa adabu.

Sinema zetu zilikuwa za mchana. Amri ya kutotoka nje ilianza saa kumi na mbili jioni, na hakuna mtu aliyetaka kuonekana barabarani baada ya hapo, hata kwa ajili ya serikali yenyewe. Tulikuwa tukichukua jumba la shule au kanisa, tunaziba madirisha kwa mablanketi ya jeshi, tunaweka gunia kwenye nyufa za mlango. Watu wakijaa ndani hewa inakuwa nzito, na harufu ya moshi na udongo mbichi inapanda. Udongo huo ulitoka handakini. Katika vijiji vile vipya, ambako watu walikuwa wamekusanywa kwa nguvu na nyumba zao za zamani kuchomwa, wanawake walichimba handaki la kuuzunguka msitu tangu asubuhi, ili wapiganaji wa msituni walioipinga serikali wasipate chakula. Siku ya sinema waliachiliwa mapema. Wengi walikaa chini, wakaegemeana, wakalala. Sikuwalaumu. Nilikuwa nikisimulia juu ya choo kwa watu waliokuwa wakikoroma.

Kisha ikaja sinema ya yule mwanasayansi.

Sikuwahi kumsikia kabla ya hapo. Ilikuwa picha ndefu, ya hadithi, yenye waigizaji. Alikuwa mzee mwenye ndevu, amezungukwa na chupa za kioo, akichungulia ndani ya chombo na kuona wadudu ambao jicho haliwaoni. Wenzake walimcheka. Alichemsha, alichuja, aliandika, akachekwa tena. Mwishoni mama mmoja alimletea mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye mzee akamdunga mtoto dawa ambayo ilikuwa bado haijajaribiwa kwa binadamu. Mtoto akapona. Picha ya mwisho ilimwonyesha akikimbia shambani.

Siku ya kwanza tulipoionyesha, katika kijiji kimoja cha Embu karibu na msitu, hakuna aliyelala. Nilipofika kwa wadudu wasioonekana, nilikwama. Sikuwa na neno. Nikasema, "Kuna vijidudu vidogo kuliko chawa, vidogo kuliko yai la chawa," na wanawake wakacheka, maana chawa waliwajua. Jina la mwanasayansi halikukaa katika ulimi wa mtu yeyote. Kabla picha haijaisha walikuwa wamempa jina lao: Mzee wa Chupa.

Ilikuwapo sehemu moja ambayo sikuwahi kuitafsiri sawasawa. Kabla ya kumdunga yule mtoto, mzee anashindwa kulala. Anakaa kwenye ngazi za nyumba yake, viatu mkononi asije akaamsha watu, na mkewe anakuja na mshumaa, anakaa kando yake. Mzee anamwambia mkewe kwamba hajui. Anaweza kumponya mtoto, anaweza kumuua. Hilo ndilo alilosema kwa Kiingereza. Mimi nilisema, "Sasa anapanga kazi ya kesho." Bwana Habari alikuwa ameniambia nifupishe pale panapochosha, na nami niliona kwamba mkubwa anayeogopa hafai kuonyeshwa mbele ya watu wale. Sisi tulikuwa tunaleta mambo ya hakika.

Taa ya mashine ilipozimwa na mablanketi kushushwa, mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa wa makamo, mwembamba, kitambaa chake cha kichwa kimeingia vumbi jekundu. Aliuliza kwa Kiembu, "Dawa ile iko huku kwetu, au ni ya kwao tu?"

Nikamuuliza Bwana Habari. Akasema ipo. Nikageuka, nikasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya mtu mwenye dawa hiyo mfukoni, "Ipo. Serikali inayo."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Baada ya siku kama kumi tulirudi kijijini pale na sinema ya kahawa. Nilikuwa nashusha jenereta na dereva nilipomwona yule mwanamke amesimama kando ya gari. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kifundo mpaka katikati ya muundi.

"Wewe ndiye uliyesema dawa ipo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi nipeleke."

Alinieleza akiwa amesimama vile vile. Mbwa wa kambi ya mahomugadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali kulinda kijiji, alikuwa ameanza mambo juma lililopita. Alikimbia ovyo, akang'ata miti, mate yakimtoka, na maji hakuyagusa. Siku nne zilizopita wanawake walikuwa kwenye mstari wa kuteka maji. Mbwa akamng'ata yeye, na mkubwa wa mahomugadi alipokuja kumshika, akamng'ata naye mkononi. Mbwa akapigwa risasi, akatupwa handakini. Mkubwa alimwaga mafuta ya taa kwenye kidonda chake na kusema mambo yamekwisha.

"Umemwomba pasi?" nilimuuliza. Bila pasi hakuna aliyevuka lango la kijiji.

"Nimemwomba mara mbili. Anasema mke wa mtu aliye kizuizini haendi mjini kutembea."

Sijui kama niliwahi kuogopa neno langu mwenyewe kama siku ile. Nilikuwa nimesema "ipo" kwa sababu niliambiwa niseme. Sasa neno lilikuwa limesimama mbele yangu, mguu umefungwa kitambaa, linataka lifti.

Nikaenda kambini. Mkubwa wa mahomugadi alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyewahi kupigana Bama katika vita vya Wazungu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku la risasi. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vimevimba.

"Mkubwa," nilimwambia, "nimesikia habari za mbwa."

"Mbwa alikufa."

"Na mkono?"

"Mimi hapana ogopa mbwa. Bama mimi nilikula nyoka."

"Kwenye ile sinema..."

"Sinema ni mambo ya Wazungu."

Nje wanawake walikuwa wakirudi na majembe, na mlinzi wa lango aliwahesabu kwa sauti. Mkubwa alitazama ukutani kwa muda. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine, "Yule mtoto wa sinema, mbwa wake naye alikataa maji?"

"Alikataa."

"Siku ngapi?"

"Hawakusema."

"Wangu, siku mbili." Akageuza mkono, akautazama upande wa pili. "Nilimlea mimi mwenyewe. Alikuwa akilala mlangoni pangu."

Nikamwambia dawa iko Embu mjini, na gari letu linarudi huko leo. Akasema atapanda. Nikamwambia mama yule naye aandikiwe pasi. Akakunja uso.

"Yeye hapana. Kesho watasema nimelegea. Nikimtoa mmoja, wote watataka mbwa awaume."

Hapo ndipo nilipodanganya. Sikuwa nimepanga. Mdomo uliozoea kuongezea maneno ya watu ulifanya kazi yake.

"Mkubwa, dawa yenyewe inakuja kwenye chupa ya watu wawili," nilisema. "Ikifunguliwa kwa mtu mmoja, nusu inaharibika. Kwa hiyo hospitali hawafungui kwa mtu mmoja. Wanangoja wa pili. Na hakuna ajuaye wa pili atapatikana lini."

Alinitazama usoni. Kisha akachukua karatasi, akaiweka gotini, akajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Haikuwezekana. Mimi ndiye niliyeandika pasi ya yule mama, naye akapiga mhuri.

Njiani walikaa nyuma ya lori, mmoja upande huu wa jenereta, mwingine upande ule. Bwana Habari hakupenda, lakini nilipomwambia kwamba watu wameamini sinema yake, alikubali, na nadhani alifurahi kidogo. Kila nilipochungulia dirishani niliwaona vile vile: mama ameshika ubao wa lori kwa mikono miwili, mkubwa ameshika mkono wake uliofungwa.

Hospitalini dawa haikuwapo. Dresa wa zamu, msaidizi wa daktari, Mmeru wa Imenti aliyemfahamu baba yangu, alisema lazima iagizwe Nairobi, na huenda ikafika kesho kutwa. Daktari Mzungu aliosha vidonda kwa sabuni kwa muda mrefu, mrefu kuliko nilivyowahi kuona mtu akiosha kitu, kisha akaondoka.

"Ikifika watapona?" nilimuuliza dresa.

"Pengine."

"Kwenye sinema mtoto alipona."

Dresa alikuwa mtu mpole. Alinishika bega akanitoa mpaka barazani. "Kijana," alisema, "wangapi sinema haikuwaonyesha? Wakiwahi kuchanjwa kabla ugonjwa haujapanda kichwani, wanapona. Ukishapanda, hakuna kitu. Na hawa wamekaa siku nne. Tunafanya tunaloweza, tunangoja."

Tulikuwa na siku mbili za kupumzika mjini, gari likitengenezwa. Nilikuwa na mjomba upande wa Majengo ya Embu, nikalala kwake, lakini mchana nilikuwa nikienda hospitali na kukaa barazani bila kazi yoyote. Nilimkumbuka yule mzee kwenye ngazi, na viatu vyake mkononi. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi na kuipita kama mtu anavyopita jirani asiye na shida naye. Mtu yule hakuwa akipanga kazi ya kesho. Alikuwa na mtoto wa mtu mikononi, na hakujua. Mimi nami nilikuwa nimewaleta watu wawili kwa neno nililoambiwa niseme na kwa uwongo nilioutunga mwenyewe, na sikujua.

Dawa ilifika siku ya pili alasiri, ndani ya sanduku lenye barafu iliyokwisha kuyeyuka. Kila siku sindano moja, tumboni, kwa siku kumi na nne. Nilikuwapo siku ile ya kwanza. Dresa alitoa chupa ndogo, akaivunja shingo, akamdunga mkubwa. Kisha akatoa chupa nyingine, akaivunja shingo, akamdunga mama. Mkubwa alikuwa bado anafunga shati. Alizitazama zile chupa mbili tupu juu ya sinia. Halafu akanitazama mimi. Nilijua amejua. Alifunga kifungo cha mwisho akatoka nje.

Wakabaki hospitalini, yeye wodi ya wanaume, mama wodi ya wanawake, na kila asubuhi wakikutana kwenye benchi la chumba cha sindano. Dresa alinisimulia tulipopita tena. Siku za mwanzo mama alikaa chini, mwisho wa baraza, mbali. Siku ya nne au ya tano tumbo lilikuwa limevimba na hakuweza kuinama kukaa chini. Akakaa kwenye benchi. Mkubwa akasogea kumpa nafasi. Siku nyingine mkubwa akamuuliza kama mumewe ameandika barua.

"Unaniuliza mimi?" mama alijibu. "Si ulikuwapo walipomchukua."

Dresa alisema mkubwa alitazama miguu yake mpaka alipoitwa ndani.

Siku ya kumi na nne ilipita. Wiki zilipita. Hakuna aliyeogopa maji, hakuna aliyetokwa na mate. Wakarudi kijijini kwa gari la polisi.

Ningependa kusema kwamba mkubwa alibadilika. Alimrudisha mama handakini pamoja na wengine. Mama mwenyewe aliniambia, tuliporudi na sinema yetu, kwamba alipewa kazi ya kuwatekea maji wachimbaji, hachimbi tena. "Si huruma," alisema. "Hataki kuniona nimeinama na kushika tumbo. Akiniona linamuuma lake."

Siku ile watu waliomba waonyeshwe tena Mzee wa Chupa, maana sasa walikuwa na watu wao wawili ndani ya hadithi. Bwana Habari akakubali. Mkubwa wa mahomugadi, ambaye kwa kawaida alikuwa akizunguka nje wakati wa sinema, alisimama ndani, mgongo mlangoni. Tulipofika kwenye ngazi na mshumaa, nilishika kipaza sauti karibu zaidi na mdomo.

"Anaogopa," nilisema kwa Kiembu. "Anamwambia mkewe kwamba hajui. Anaweza kumponya mtoto, anaweza kumuua. Hajui."

Bwana Habari hakuelewa nilichosema. Tulipofika kwenye sindano, sauti ya mkubwa ilitoka mlangoni, kwa Kiswahili chake cha jeshi.

"Waambie inauma."

Nikawaambia. Watu wakacheka, na mama yule, aliyekaa mbele, akacheka nao akiwa ameweka kiganja tumboni.

Niliifanya kazi ile mwaka mmoja na nusu zaidi. Baada ya hapo baba aliugua, nikarudi buchani, na sikuondoka tena. Vijiji vilivunjwa, watu wakapewa mashamba, bendera ikabadilishwa. Nilimwona mama yule wa kijijini tena miaka mingi baadaye, Mitunguu, ambako nilikuwa nimekwenda kutafuta mbuzi. Mumewe alikuwa amerudi kutoka kizuizini, wakanunua kipande cha shamba kule chini, wakawa wanauza ndizi. Mume alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kikohozi. Alinisalimia kwa mikono miwili. Mama alikuwa amemweleza mimi ni nani.

Nikamuuliza habari za mkubwa wa mahomugadi.

"Alikufa mwaka juzi, kwa sukari. Nilipanda basi nikaenda kuzika."

"Ulikwenda?"

"Nilikaa nyuma. Mzee wangu hakutaka niende, na sikumlaumu." Akanichagulia mkungu mdogo uliokomaa, akauweka pembeni ili nisiulipie. "Yule wa sinema je? Bado yuko?"

"Nani?"

"Mzee wa Chupa."

Sikuamini kwamba hajui. Kisha nikaona ni kosa langu. Mara zote nilizosimulia picha ile nilisema "anafanya," "anasema," "anaogopa," kama mtu aliye mji wa pili. Nikamwambia kwamba yule tuliyemwona ni mwigizaji, na mzee mwenyewe alikufa zamani sana, kabla yake yeye mama kuzaliwa.

Aliacha kupanga ndizi. Alikiweka magotini kisanduku cha ndizi, na nikadhani nimemhuzunisha.

"Kwa hiyo alitengeneza kabla hatujakuwapo," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na hakujua kama kuna Embu."

"Sidhani."

Akamgeukia mumewe na kumweleza jambo hilo kwa Kiembu, taratibu, akianza tangu mwanzo, na ngazi, na mshumaa, na mke aliyekaa kando. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Mumewe alisikiliza huku akifuta kisu cha ndizi kwenye suruali. Mama alipomaliza, mumewe aliuliza jambo moja tu: mtu huyo aliacha watoto? Nikasema sijui, picha haikuonyesha, lakini mjini kuna vitabu na nitauliza. Akasema niulize, nikija tena niwaambie.

Nilirudi baada ya mwezi mmoja. Nilikuwa nimesoma kwamba aliacha watoto, na kwamba wengine aliwazika wakiwa wadogo, kwa maradhi ambayo wakati ule hayakuwa na dawa. Niliwaambia hivyo. Mama alisema pole, kama mtu anayetoa pole kwa jirani, akaniandalia uji, tukazungumza juu ya bei ya mbuzi.